Usikimbilie Kupiga Windows

Leo hatuzungumzii bei ya pamba wala mvua za vuli. Tunazungumzia kompyuta ya nyumbani, ile iliyokaa mezani sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie, ambayo asubuhi moja unaiwasha na badala ya kukufungulia kazi zako inaandika kwamba faili fulani la mfumo halipo au limeharibika. Jina la faili lenyewe halisomeki vizuri: herufi na namba zimechanganyika, kisha nukta, kisha herufi tatu. Unazima, unawasha. Maandishi ni yale yale. Mtoto anakwambia chomoa waya usubiri kidogo. Unachomoa, unasubiri, unarudisha. Bado.

Mtaani kwetu jibu la tatizo hilo linajulikana: ipeleke ikapigwe Windows. Yaani fundi afute kilichomo, aweke mfumo mpya kutoka kwenye flashi, jioni akurudishie mashine inawaka kama mpya. Nimewaona watu wengi wakiondoka na furaha jioni hiyo. Baadhi yao nimewaona tena baada ya muda mfupi, wamepakia kompyuta ile ile kwenye bodaboda ndani ya mfuko wa salfeti, na ujumbe kwenye kioo ni ule ule au ndugu yake. Ninachotaka kusema leo ni kimoja, na nakisema kwa uchungu kwa sababu kinawagharimu watu fedha na kumbukumbu za maisha yao. Faili linalotajwa kwenye kioo ni pale tu mashine iliposhindwa kuendelea. Kilicholiharibu faili hilo ni kitu kingine, na kupiga Windows hakukitafuti. Mkeka ukilowa ndani ya nyumba usiku wa mvua, utauanika asubuhi, sawa, lakini kabla ya mvua nyingine lazima mtu apande juu akatazame bati.

Tuanze na faili lenyewe. Mfumo kama Windows umejengwa kwa maelfu ya mafaili, na mengi ya yale ya msingi yamewekwa kwenye folda inayoitwa System32. Liko linalojua kuongea na diski, liko linaloongea na kibodi, liko linalotunza mipangilio ya programu zote ulizoweka. Ukiwasha mashine, mafaili hayo huitwa moja baada ya jingine kwa mpangilio. Likiitwa moja lisilosomeka, na kazi yake haifanywi na jingine, safari inaishia hapo. Kompyuta inakuandikia jina la faili kwa sababu hilo ndilo pekee inalolijua. Nani aliliharibu, lini, kwa njia gani, haijui. Hiyo ni kazi ya binadamu kuitafuta.

Kwa hapa mkoani Simiyu, mshukiwa wa kwanza ni umeme. Ukibonyeza kuhifadhi kazi yako, usidhani maandishi yamefika kwenye diski dakika ile ile. Kompyuta huyaweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huyaandika diskini kwa wakati wake, ili isikucheleweshe. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, faili linabaki nusu: jina lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu cha maana. Mpangilio wa kuhifadhi mafaili unaotumiwa na Windows, NTFS, ambao ulianza na Windows NT mwaka 1993, una daftari lake la ndani la kurekebisha mambo baada ya ajali kama hiyo. Ndiyo maana mara nyingi umeme unakatika na mashine inawaka tena bila shida. Lakini daftari hilo hulinda orodha ya mafaili na mahali yalipo. Kilichoandikwa ndani ya faili halikilindi.

Hatari inakuwa kubwa zaidi pale Windows inapojisasisha. Wengi mnaujua ule ukurasa unaosema usizime kompyuta, asilimia zinapanda taratibu, kumi na mbili, thelathini, thelathini tena. Wakati huo mfumo unabadilisha mafaili yake wenyewe, ya zamani yanatoka, mapya yanaingia. Saa tano usiku uniti za Luku zinaisha. Au upepo unaotangulia mvua unagonganisha nyaya huko njiani na mtaa mzima unakuwa giza. Umeacha mfumo nusu ni wa jana na nusu ni wa leo.

Na si lazima umeme ukatike kabisa. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yenye radi nyingi, na radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga karibu na waya, mshtuko wake unasafiri hadi kwenye soketi. Kuna pia kuyumba kwa kila siku. Kama jirani yako anachomelea mageti na madirisha, tazama taa yako ya sebuleni anapogusa chuma: inafifia, inarudi, inafifia. Kompyuta inakula umeme ule ule.

Hapa niseme jambo ambalo watu wanalichanganya sana madukani. Stabilaiza inasawazisha umeme unaopanda na kushuka. Haitunzi umeme. Ukikatika, stabilaiza nayo imekufa na kompyuta imekufa. Kinachotunza ni UPS, lile boksi lenye betri ndani, linalokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Mwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima tayari ana kinga hiyo ndani ya mashine. Lakini zile mpakato ambazo betri ilishakufa zamani, zinaishi kwa waya tu, waya ukitikisika zinazima, hizo hazina tofauti na kompyuta ya mezani. Betri mpya kwa mashine ya namna hiyo ni sehemu ya matengenezo, isihesabiwe kuwa anasa.

Mshukiwa wa pili ni diski. Kompyuta nyingi za nyumbani hapa kwetu zimekuja zikiwa zimeshatumika, zimefanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi za Ulaya au Dubai, na diski zake ni zile za kuzunguka. Diski ya namna hiyo ikichoka, vipande vya uso wake vinaacha kusomeka. Faili la mfumo lililokaa juu ya kipande hicho linaonekana limeharibika, na kweli limeharibika. Sasa sikiliza kinachotokea ukipiga Windows. Mafaili mapya yanaandikwa upya, pengine yanaangukia sehemu nyingine ya diski iliyo nzima. Mashine inawaka. Kila mtu anaamini imepona. Diski inaendelea kuoza, kipande kingine kinakufa, faili jingine linatajwa. Mteja anamlaumu fundi, fundi anailaumu Windows, na diski inaendelea kuzunguka.

Virusi navyo vimo, sikatai. Kuna aina, kama Sality iliyojulikana tangu mwaka 2003, inayojiandika ndani ya mafaili ya programu, kiasi kwamba hata ukiitoa, faili linabaki na jeraha. Na flashi inayozunguka kutoka steshenari moja hadi nyingine, kuprinti barua hapa, kuskani cheti pale, inabeba mengi. Lakini neno virusi limekuwa jibu rahisi mno. Fundi asiyejua kilichotokea husema virusi, na mteja anaridhika kwa sababu amesikia jina. Usiridhike hapo.

Mshukiwa wa nne nitamweleza kwa kisa, kwa sababu yeye ndiye anayewachosha watu kuliko wote.

Dada mmoja, karani wa chama cha msingi cha wakulima, anayeishi Malambo hapa Bariadi, alikuwa na kompyuta ya mezani nyumbani. Msimu wa pamba ukifika, kuanzia Mei, anarudi jioni na madaftari ya mizani, anaingiza majina ya wakulima na kilo zao hadi usiku. Kompyuta ikaanza kugoma kwa ujumbe wa faili la mfumo. Ikapigwa Windows. Ikagoma. Ikapigwa tena kwa fundi mwingine. Ikagoma. Wa tatu akamwambia diski imekufa, akanunua diski mpya, na bado ikagoma. Hapo mtu mwingine angeiuza kwa bei ya chuma chakavu.

Lakini karani ni karani. Kila mara ujumbe ulipotokea, dada huyu aliandika jina la faili nyuma ya daftari lake, na tarehe pembeni. Alipoenda kwa kijana mmoja mwenye meza yake ndogo karibu na stendi, alifungua lile daftari akamwonyesha. Nilikuwepo. Kijana hakugusa mashine kwanza. Alisoma ile orodha, akaisoma tena, akasema: "Dada, kila siku ni faili tofauti. Hili si faili. Hii ni ramu."

Ramu ndiyo ile kumbukumbu ya muda niliyoitaja, vibao vyembamba vilivyochomekwa ndani ya mashine. Kila faili, kabla ya kutumika, linapita humo. Kibao kikiwa na kasoro sehemu moja, faili zima, lisilo na dosari yoyote diskini, likipitia sehemu hiyo linatoka limepotoka, na mfumo unalikataa. Leo limepita faili hili, kesho limepita lile. Baya zaidi, wakati wa kuweka Windows mpya, mafaili yote yanayonakiliwa yanapitia kibao hicho hicho, kwa hiyo mfumo unaweza kuwekwa ukiwa na kasoro tangu siku ya kwanza.

Kijana alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, vumbi letu lile la kiangazi limechanganyika na nyuzi za pamba, limekaa juu ya feni kama blanketi jembamba. Ndani mlikuwa na vibao viwili. Akavichomoa, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kifutio kile cha mtoto wa shule, taratibu, akavirudisha. Kisha akawasha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows yenyewe, ambacho hakihitaji kununuliwa wala intaneti. Kikaonyesha kasoro. Akatoa kibao kimoja, akapima. Safi. Akakibadilisha na mwenzake, kwenye nafasi ile ile. Kasoro. Akakiweka mezani mbele ya dada, akamwambia, "Huyu hapa." Akatengeneza mafaili yaliyokwisha kuharibika bila kufuta kitu chochote, na dada akaondoka na kibao kimoja ndani, mashine ikiwa nzito kidogo, hadi alipopata fedha ya kununua cha pili.

Shika kipimo hicho cha daftari, msikilizaji. Ujumbe ukitaja faili lile lile kila mara, shaka ielekee kwenye faili hilo, kwenye kipande cha diski lilipokaa, au kwenye programu uliyoiweka hivi karibuni. Ukitaja faili tofauti kila mara, acha mafaili, nenda kwenye ramu, diski na umeme. Kalamu na karatasi vinaweza kukuokolea fedha ya diski ambayo hukuihitaji. Na kama una simu yenye kamera, piga picha ya kioo kabla ya kuzima. Fundi anayeletewa picha anaanza kazi mbele ya yule anayeambiwa tu kwamba imegoma.

Sasa matengenezo yenyewe. Na hapa kuna utaratibu ambao nausisitiza kuliko kitu kingine chochote katika mazungumzo haya: kwanza okoa kazi zako, ndipo utengeneze. Kompyuta za nyumbani mkoani kwetu zimebeba mambo mazito. Mitihani ambayo mwalimu ameitunga miaka mingi. Hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Picha za msiba wa babu, ambazo hazipo kwenye simu ya mtu yeyote. Na wengi wetu tunaweka kila kitu pale mbele, kwenye uso wa kompyuta, au kwenye folda ya nyaraka, tukiamini viko salama. Sehemu hizo zote mbili kwa kawaida zimo ndani ya C, chumba kile kile cha Windows. Fundi akisema nafuta C tu, D siigusi, amekwambia kwamba anafuta kazi zako.

Mashine isiyowaka bado inaweza kutoa mafaili. Kuna mifumo inayowaka kutoka kwenye flashi bila kuwekwa ndani ya kompyuta. Mmoja ni Ubuntu, uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ni wa bure. Unachomeka flashi, unawasha, unaona diski yako, unanakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje. Njia nyingine ni kuichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya wake maalumu. Mwambie fundi afanye moja ya hayo kabla hajagusa kitu. Akisema haiwezekani, mshukuru, chukua mashine yako, nenda kwa mwingine.

Kazi zikishakuwa salama, chukueni kalamu. Windows ina uwezo wa kujikagua. Inatunza ghala la nakala za mafaili yake muhimu, na kuna amri inayolinganisha kila faili linalotumika na nakala yake ghalani. Lililopotoka linarudishiwa nakala nzima. Kama mashine inawaka, hata kwa kusuasua, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Kinafunguka kidirisha cheusi. Andika: sfc, acha nafasi, mkwaju, scannow. Bonyeza Enter. Itachukua muda, itasimama kwenye asilimia fulani kana kwamba imelala. Iache.

Mwisho itakupa jibu. Inaweza kusema haikuona kasoro. Inaweza kusema imeona na imetengeneza yote. Basi washa upya, kisha uirudie amri hiyo. Ikisema safi, vizuri. Ikisema imeona kasoro mpya ambazo saa moja iliyopita hazikuwepo, unarudi kwenye ramu na diski. Na inaweza kusema imeona kasoro lakini imeshindwa kuzitengeneza baadhi. Hapo watu hukata tamaa na kuanza kutafuta flashi ya kupiga Windows, wakati maana yake mara nyingi ni kwamba ghala lenyewe nalo limeharibika, kwa hiyo hakuna nakala nzima ya kurudisha. Kuna amri ya pili ya kutengeneza ghala, inafanya kazi kuanzia Windows 8 na kuendelea, nitaisoma mwishoni. Ukimaliza kutengeneza ghala, unairudia ile ya kwanza. Amri hiyo ya pili kwa kawaida huchukua mafaili mazima kutoka kwenye intaneti, kwa hiyo itakula bando. Fundi mwenye flashi ya Windows ya toleo lile lile anaweza kuielekeza ichukue kutoka kwenye flashi badala ya mtandaoni. Mwombe afanye hivyo.

Kama mashine haiwaki kabisa, Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna kurudisha mipangilio ya siku za nyuma, kuondoa sasisho la mwisho, na kile kile kidirisha cheusi. Ukitumia sfc kutokea humo, inahitaji maneno ya ziada ya kuionyesha Windows yako iko wapi, na wakati mwingine C inaitwa D. Hapo, kama si mzoefu, mwachie fundi.

Kuna na amri ya kukagua diski, chkdsk. Ni nzuri, lakini ukiiambia itafute vipande vibovu kwenye diski inayokufa, inaifanyisha kazi kwa masaa, na diski iliyokuwa na siku chache za kuishi inaweza kufa mikononi mwako. Ndiyo maana nilisema okoa kwanza.

Wapo watakaoniuliza, je, hakuna siku ambayo faili lenyewe ndilo lenye kosa? Ipo. Tarehe 19 Julai 2024, siku ya Ijumaa, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza faili dogo la sasisho kwa wateja wake duniani. Lilikuwa na kasoro. Kompyuta zilizolipokea zilianguka kwenye kioo cha bluu na kila zikiwaka zikaanguka tena. Microsoft ilikadiria mashine milioni 8.5. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kampuni ililiondoa faili hilo baada ya dakika 78 tu, lakini mashine zilizokwisha kulimeza hazikuweza kuwaka ili zipokee jipya. Dawa kwa nyingi ilikuwa mtu kwenda kwenye kila mashine, kuiwasha kwa hali ya usalama ambapo mfumo unapakia mafaili machache tu ya lazima, kuingia kwenye folda ya CrowdStrike ndani ya System32, na kufuta faili moja ambalo jina lake linaanza na C-00000291. Kompyuta moja moja, kwa mikono. Tazama kilichowaokoa: walijua ni faili gani, limeingia lini na kutoka wapi. Hakuna aliyehitaji kufuta kazi za wateja wake ili kuliondoa.

Jambo jingine la kukataza, na nalikataza kwa nguvu. Ukitafuta jina la faili lililokosekana mtandaoni, utakutana na kurasa zinazokuahidi kukupa faili hilo peke yake, bure, ulipakue ulitumbukize kwenye System32. Usifanye. Faili la mfumo lazima lilingane na toleo lako la Windows na sasisho zake, na huna namna ya kujua aliyelipandisha pale ameweka nini ndani yake. Ni hivyo hivyo kwa zile programu ndogo za kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane imelipiwa. Zinagusa mafaili ya mfumo, hiyo ndiyo kazi yake, na nyingi zinakutaka uzime ulinzi wa virusi kwanza. Mtu anayekwambia uzime ulinzi kabla hajaingia ndani kwako, mwogope.

Na Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi za nyumbani hapa kwetu, muda wake wa kawaida wa kupata sasisho za usalama uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Hazijafa, zinaendelea kufanya kazi, ila mwenye mashine hiyo awe mkali zaidi na flashi za watu, na awe na nakala ya kazi zake nje ya kompyuta. Anayeandika barua na kuvinjari tu anaweza kuhamia moja kwa moja kwenye Ubuntu au mwenzake wa namna hiyo.

Nirudi kwa mafundi, kwa sababu sitaki ionekane ninawalaumu. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na milango ilikuja kufunguka taratibu miaka mingi baadaye. Wazee wa useremala na wa magari wamewarithisha vijana kazi yao mkono kwa mkono. Wa kompyuta hakuwa na mzee. Mkoa wetu wenyewe umezaliwa mwaka 2012, na kabla ya hapo mashine iliyoshindikana Bariadi ilipandishwa basi kwenda Mwanza au Shinyanga. Kijana wa leo amejifunza kwenye video, kwa bando lake mwenyewe, na video nyingi zinamfundisha njia ya mkato. Tena mteja mwenyewe anataka mashine leo leo na hataki kulipia saa mbili za kupima. Anayepiga Windows kwa dakika arobaini analipwa sawa na anayetafuta chanzo siku nzima. Kwa bei hiyo, nani atatafuta?

Kwa hiyo nawaomba wateja: lipieni kipimo. Mkubaliane kabla, kiasi fulani cha kujua ugonjwa, kiasi kingine cha kuutibu. Na unapochukua mashine yako, mwulize fundi ni kitu gani kiliharibu lile faili, amejuaje, na amefanya nini kisirudie. Kijana wa pale stendi alikuwa na majibu ya yote matatu, na kibao kibovu alikiweka mezani kikaonekana.

Sasa kwa waliokuwa bado wanatafuta kalamu, nasoma polepole. Unaanza na ile ya kutengeneza ghala: DISM, acha nafasi, mkwaju, Online, acha nafasi, mkwaju, Cleanup, kistari, Image, acha nafasi, mkwaju, RestoreHealth. Enter, subiri ifike asilimia mia. Kisha ile ya kurudisha mafaili: sfc, acha nafasi, mkwaju, scannow. Enter. Na kabla ya kuanza, nenda kwenye mita ya Luku uangalie zimebaki uniti ngapi.